Hisa za Bei Chee Zenye Gawio Linalokua

Wawekezaji wa Marekani wanaoishi kwa gawio wana orodha wanayoiheshimu kuliko zote. Kampuni haiingii humo mpaka iwe ndani ya faharasa ya S&P 500 na iwe imeongeza gawio kila mwaka kwa miaka isiyopungua 25 mfululizo, bila kuruka hata mmoja. Coca-Cola na Procter & Gamble zimeshavuka miaka 60. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayejifunza uwekezaji hukutana na orodha hiyo mapema. Kisha anafungua orodha ya soko la kwao akitafuta kampuni ya namna hiyo, na anatoka mikono mitupu.

Hana kosa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. NMB iliorodheshwa Novemba 2008 na CRDB Juni 2009. Safaricom iliingia Soko la Nairobi Juni 2008. Soko la Nairobi lenyewe ni la tangu 1954, lakini hata kampuni zake kubwa zimewahi kukatiza. Corona ilipoingia mwaka 2020, benki ya Equity iliondoa gawio ililokuwa imeshalipendekeza. Benki ya KCB haikulipa chochote kwa mwaka 2023. Ukishikilia kipimo cha miaka 25 bila kukosa, utabaki umekaa na fedha zako benki ukisubiri kampuni ambayo haipo.

Ushauri wangu, basi, ni kuacha kuhesabu miaka na kuuliza swali jingine: mwaka mbaya ulipofika, gawio la kampuni hii lilifanya nini, na kwa nini? Nimeyafuatilia masoko yetu nikaamini jambo moja ambalo wengi hawalipendi. Hisa nzuri za gawio hapa kwetu huuzwa bei chee pale rekodi inapojikwaa na watu kukata tamaa, wakati uwezo wa kampuni wa kuzalisha faida uko palepale. Mwaka ambao rekodi inang'aa na kila mtu anaisifia, bei imeshapanda na nafuu imeshaliwa na wengine.

Tuanze na benki mbili ambazo Watanzania wengi wanazijua kwa majengo na mawakala wake kuliko kwa vitabu vyake vya hesabu.

NMB ililipa gawio la shilingi 104 kwa kila hisa kwa mwaka 2016. Kwa mwaka 2017 ikalipa 64. CRDB ilianguka vibaya zaidi: kutoka shilingi 17 kwa mwaka 2015 hadi 10 kwa mwaka 2016, kisha 5 kwa mwaka 2017. Sababu zilijulikana. Mikopo chechefu ilikuwa imepanda katika benki nyingi nchini, na tangu 2016 Serikali ilikuwa imeagiza taasisi za umma zihamishie amana zao Benki Kuu, hivyo fedha za bei nafuu zikapungua. Faida ya CRDB kwa mwaka 2017 ilikuwa kama shilingi bilioni 36 tu. Wanahisa wadogo walionunua mwaka 2009 kwa shilingi 150 waliiona hisa yao ikiteremka hadi karibu shilingi 100 mwaka 2019, na wengi waliuza kwa hasira.

Sasa tazama kilichofuata. CRDB ililipa shilingi 8 kwa mwaka 2018, halafu 17, 22, 36, 45, 50, na shilingi 65 kwa mwaka 2024. NMB ilitoka 66 kwa mwaka 2018 ikaenda 96, 137, 193, 286, 361, na takriban 428 kwa mwaka 2024. Aliyekuwa na kanuni ya kutogusa kampuni iliyowahi kupunguza gawio hakuambulia chochote katika hayo yote.

Je, ingewezekana kuliona jambo hilo kabla halijatokea? Kwa sehemu, ndiyo, na hapa ndipo penye kazi ya kufanya. Chukua CRDB mara mwaka 2019 ulipokwisha. Faida baada ya kodi ilikuwa karibu bilioni 36 mwaka 2017, bilioni 64 mwaka 2018 na bilioni 120 mwaka 2019. Usichukue mwaka mmoja, si ule mbaya wala ule mzuri. Jumlisha mitatu, gawanya kwa tatu, unapata kama bilioni 73. Hisa za benki hiyo ni bilioni 2.61. Gawanya tena, unapata shilingi 28 za faida kwa kila hisa kwa wastani, na katika wastani huo mwaka wa maumivu umo. Hisa inauzwa karibu 100. Maana yake ni kwamba soko lilikuwa tayari kukuuzia benki kubwa ya nchi kwa chini ya mara nne ya faida yake ya wastani. Bei ya namna hiyo hutolewa kwa kampuni ambayo watu wanaamini iko njiani kufa. Swali likabaki moja: inakufa kweli? Mikopo chechefu ilikuwa inapungua robo baada ya robo, amana zilikuwa zinaongezeka, na mawakala walikuwa wanafunguliwa mpaka vijijini. Taarifa hizo hazikuwa siri, zilikuwa zinachapishwa magazetini.

Nakazia neno magazetini kwa sababu watu huupita ukurasa ule. Kila robo mwaka benki za Tanzania hutakiwa kuchapisha hesabu zao, na karibu kila benki huzibana zote kwenye ukurasa mmoja, tarakimu ndogo kama mchanga, kwa Kiingereza. Ruka juu kote, nenda chini kabisa penye viashiria vya utendaji. Tafuta mstari wa mikopo chechefu dhidi ya mikopo yote. Benki Kuu inataka kiwango hicho kisizidi asilimia 5, na benki iliyo chini ya hapo ina nafasi ya kupumua. Kisha tazama uwiano wa mikopo kwa amana, na mtaji wa wanahisa dhidi ya mali zote. Kata ukurasa huo uuweke kwenye faili pamoja na wa robo zilizotangulia. Kurasa nne zikiwa pembeni ya nyingine zinakueleza mwelekeo, jambo ambalo ukurasa mmoja hauwezi, na kazi yote haikuchukui nusu saa.

Katika kurasa hizohizo kuna faida kwa kila hisa. Gawanya gawio kwa faida hiyo upate sehemu ya faida inayogawiwa. NMB kwa mwaka 2023 ilipata kama shilingi 1,084 kwa kila hisa, ikagawa 361. Hiyo ni theluthi moja, na kwa mwaka 2024 ilikuwa theluthi moja tena. Safaricom kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 ilipata faida ya shilingi bilioni 68.7 za Kenya ikagawa kama bilioni 55, yaani asilimia 80. Usikimbilie kusema kwamba Safaricom ni mkarimu na NMB ni bahili. Benki inayotaka kukopesha zaidi mwaka ujao lazima ikuze mtaji wake, na mtaji hukua kwa faida iliyobakizwa. Theluthi mbili zinazobaki ndizo zilizobeba ukuaji wa gawio la miaka iliyofuata. Kampuni ya simu ambayo minara yake imeshajengwa inaweza kugawa karibu yote, ila ukuaji wa gawio lake hauna kitu cha kuusukuma isipokuwa faida yenyewe kukua. Na faida ikishuka, gawio linashuka siku hiyohiyo.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama ninayemheshimu sana, aliniuliza swali ambalo kila mshauri wa gawio lazima alijibu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, hakuzunguka. "Mwanangu, hati fungani ya Serikali ya miaka 20 inanipa 15 na ushee kwa mia, tena haina kodi. Hiyo hisa yako inanipa nne. Niambie kwa nini nihangaike."

Swali lake halikuwa la kubezwa. Mwanzoni mwa 2020 hati fungani ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49, na riba hiyo haikatwi kodi. Hisa ya NMB ilikuwa imekaa kwenye shilingi 2,340, na gawio lililofuata lilikuwa 96. Hiyo ni asilimia 4 kasoro ukishatoa kodi ya zuio. Tupige hesabu kwa uaminifu mpaka mwisho wa 2025. Shilingi 2,340 zilizowekwa kwenye hati fungani zinaleta kama 362 kwa mwaka, na kwa miaka sita ni takriban 2,175. Hisa ya NMB katika muda huo imelipa gawio mara sita, jumla kama 1,500, na baada ya kodi 1,425 hivi. Kwa fedha taslimu mkononi, hati fungani imeshinda, na mtu asikufiche hilo.

Ila kuna mambo mawili upande wa pili. Gawio la mwisho katika hayo, lile la 428, ni asilimia 18 ya fedha aliyoitoa mnunuzi, kwa hiyo mwaka huo hisa imeipita hati fungani. Na ile hati fungani itamrudishia shilingi 2,340 zilezile miaka 20 ikiisha, wakati hisa ilikuwa imeshavuka shilingi 5,000 kabla ya mwaka 2024 kwisha. Ukiunganisha gawio na kupanda kwa bei, mwenye hisa ametangulia kwa mbali.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu lilitegemea mahitaji yake. Kwa mtu mwenye miaka 63, anayelipia dawa na ada ya mjukuu kwa fedha ya mwezi huu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo ikae kwenye hati fungani, na kiasi kidogo tu kiende kwenye hisa za gawio linalokua, kwa ajili ya kipindi ambacho riba ileile ya leo itanunua vitu pungufu. Kwa mwanawe mwenye miaka 35 na mshahara unaoingia ningegeuza uzito huo. Anayenunua hisa inayotoa asilimia 4 ananunua ukuaji, na ukuaji usipokuja, amefanya biashara mbaya. Ndiyo maana bei anayolipa mwanzoni ina uzito kuliko sifa za kampuni.

Safaricom inalionyesha hilo kwa pande zote mbili. Iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, kukiwa na foleni ndefu na watu waliokopa ili wanunue. Mwishoni mwa 2011 bei ilikuwa kama shilingi 3 na hadithi ya mtaani ilikuwa kwamba wananchi wameliwa. Lakini gawio lilikuwa limetoka senti 10 kwa mwaka wa kwanza hadi senti 20, na kwa mwaka ulioishia Machi 2012 likawa senti 22. Kwa bei ya shilingi 3 hiyo ni zaidi ya asilimia 7, kutoka kwa kampuni ambayo M-Pesa yake ilikuwa imeshaingia kila kibanda. Gawio likapanda kila mwaka: senti 31, 47, 64, 76, 97, kisha shilingi 1.10, 1.25 na 1.40 kwa mwaka ulioishia Machi 2020. Mnunuzi wa shilingi 3 alikuwa sasa anapokea karibu nusu ya mtaji wake kwa mwaka mmoja.

Agosti 2021 bei ilifika karibu shilingi 45. Rekodi ilikuwa bado inapendeza kuitazama, ingawa gawio lilikuwa limepungua kidogo hadi 1.37, na hilo lilikuwa asilimia 3 tu ya bei hiyo. Kisha ikaja Ethiopia. Leseni ilikuwa imechukuliwa mwaka 2021, huduma zikazinduliwa Oktoba 2022, na gharama za kuanza ziliila faida ya Kenya. Gawio likashuka hadi 1.20 na kukaa hapohapo miaka mitatu. Mwishoni mwa 2023 hisa ilikuwa chini ya shilingi 15. Hapo gawio lilelile lililosimama lilikuwa asilimia 8 na ushee ya bei, biashara ya Kenya ilikuwa inaingiza fedha kama kawaida, na hasara ya Ethiopia ilikuwa ni ya ujenzi. Mwaka 2025 bei ilirudi juu ya 25. Kampuni ni ileile. Aliyeinunua rekodi ikiwa bado inang'aa aliona zaidi ya nusu ya mtaji wake ikipotea kufikia mwishoni mwa 2023, na aliyeinunua rekodi ikiwa imechafuka alilipwa vizuri kwa kungoja.

Hata hivyo si kila bei iliyoanguka ni nafuu. Napenda kulisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndipo watu wa kipato cha chini wanapoumizwa zaidi, pale wanapoambiwa kwamba hisa iliyoshuka lazima itapanda. Vodacom Tanzania iliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 na ikakaa chini ya bei hiyo kwa miaka. Mtu aliyeinunua ikishuka, kwa hoja tu kwamba iliwahi kuwa 850, hakuwa na hoja yoyote inayohusu uwezo wa kampuni wa kulipa gawio. Bei ya zamani ni kumbukumbu ya walichokubali kulipa wengine, nayo haisemi lolote kuhusu kampuni itaingiza nini kesho.

Mtego mwingine ni gawio kubwa lenye tarehe ya mwisho. Umeme, kampuni iliyosambaza umeme Uganda na iliyoorodheshwa Kampala na Nairobi, ilikuwa ikivutia watu kwa gawio nono ukilinganisha na bei yake. Lakini mkataba wake ulikuwa wa miaka 20 tangu Machi 2005, na ulikwisha tarehe 31 Machi 2025. Baada ya hapo mtandao ulirudi serikalini, na kampuni ikabaki katika mgogoro na Serikali ya Uganda juu ya kiasi inachostahili kulipwa. Sehemu ya lile gawio, ukilitazama vizuri, ilikuwa ni mtaji wako unarudishwa kidogokidogo. Kampuni ikiwa na leseni, mkataba wa machimbo au haki ya kipekee bandarini au uwanja wa ndege, tafuta kwanza tarehe ya kuisha. Huandikwa katika maelezo yanayofuata hesabu, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Hata ile orodha ya Marekani haina kinga. AT&T ilikata gawio mwaka 2022 baada ya kuliongeza kwa zaidi ya miaka 30. Walgreens ilikata lake karibu nusu Januari 2024, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kuongeza. Mwaka huohuo 3M ilipunguza lake baada ya zaidi ya miaka 60. Katika kila moja dalili zilitangulia: madeni yaliyozidi nguvu, au, kwa 3M, kesi za kemikali zilizochafua maji ambazo mwaka 2023 ziliilazimu ikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 10. Kampuni ya aina hiyo mara nyingi huendelea kuongeza gawio kwa senti moja moja ili tu isipoteze nafasi katika orodha, wakati fedha ya kulilipa inakopwa. Ongezeko la senti moja kwa kampuni iliyokuwa ikiongeza kumi ni taarifa mbaya iliyovikwa nguo nzuri.

Njia ya kuligundua hilo kwa kampuni isiyo benki ni taarifa ya mtiririko wa fedha, ile ambayo wengi huifunua na kuipita. Chukua fedha iliyotokana na uendeshaji, toa iliyotumika kununua mitambo na majengo. Kilichobaki kiweke pembeni ya mstari unaosema gawio lililolipwa, ambao uko chini, sehemu ya fedha za mtaji na mikopo. Kama gawio limezidi kilichobaki kwa mwaka mmoja, soma sababu, pengine wamejenga kiwanda. Kama limezidi kwa miaka mitatu mfululizo, gawio hilo linatoka benki au linatoka kwenye akiba, na siku zake zinahesabika. Faida inaweza kupambwa na wahasibu kwa njia nyingi halali. Fedha iliyotoka kwenye akaunti ni vigumu zaidi kuipamba.

Sasa, umeshapata kampuni, umeridhika na bei. Kununua kwenye masoko yetu kuna adabu yake. Hisa nyingi Dar es Salaam hazibadilishani mikono kila siku, na nyingine hukaa wiki nzima bei ikiwa ileile kwa sababu hakuna aliyeuza. Ukimwambia dalali akununulie kwa bei yoyote ya soko, unaweza kuisukuma bei wewe mwenyewe. Mpe bei ya juu kabisa unayoikubali na siku za kusubiri, kisha kaa kimya. Wenye simu janja wanaweza kuweka oda wenyewe kupitia Hisa Kiganjani, programu ya soko lenyewe, na nayo inakuonyesha waliopanga foleni ya kununua na ya kuuza. Itazame foleni hiyo kabla hujaweka bei yako.

Ukimya huo wa soko, ambao watu huulalamikia, ndio uliomwachia mwananchi wa kawaida nafuu ile ya 2019. Mifuko mikubwa ya nje haiwezi kuingia kwenye hisa inayouzwa elfu chache kwa siku. Wewe unaweza. Lakini kumbuka kwamba mlango uliokuwa mwembamba wakati wa kuingia ni mwembamba pia wakati wa kutoka, kwa hiyo fedha ya ada ya Januari au ya kumalizia paa isiingie humo kabisa. Na kila unaponunua au kuuza, ada za dalali, soko na mamlaka huondoa karibu shilingi mbili katika kila mia. Anayeuza na kununua kila mwezi anawalipa wengine gawio lake lote.

Kodi ni jambo fupi. Tanzania gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa asilimia 5, na mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 vilevile. Anayenunua hisa za Marekani akiwa Tanzania au Kenya hukatwa asilimia 30 ya gawio, maana nchi hizi hazina mkataba wa kodi na Marekani. Gawio la asilimia 3 linabaki kuwa 2.1 mkononi. Wanaovutiwa na zile rekodi za miaka 60 wapige kwanza hesabu hiyo.

Kuhusu idadi, nadhani kampuni tano au sita zinatosha kwa mtu anayesoma hesabu mwenyewe jioni baada ya kazi, mradi zisiwe benki zote. Najua benki ndizo zilizopendeza Dar es Salaam miaka hii, na mifano yangu mingi imetoka huko. Lakini zote zinakopesha watumishi walewale, wakulima walewale na Serikali ileile. Mwaka 2017 uliziumiza kwa pamoja. Asiye na muda wa kusoma aende kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, wala asione haya.

Kuna kazi moja ya mwisho, nayo huachwa na watu waliofanya mengine yote sawasawa. Ukishanunua, hakikisha akaunti ya benki na namba ya simu zilizo kwenye hifadhi ya dhamana ni za sasa. Gawio hulipwa kwa yule aliyekuwa kwenye daftari siku lilipofungwa, na linatumwa kwa taarifa zilizopo. Ukibadili benki au laini bila kusema, fedha zinarudi zilikotoka. Kenya gawio lisilodaiwa kwa miaka huhamishiwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na kulirudisha kunataka fomu, kitambulisho na subira. Mwambie pia mwenzi wako au mtoto mkubwa kwamba hisa zipo, jina la dalali na namba ya akaunti ya hisa, na uwaandikie kwenye daftari ambalo wanajua linakaa wapi.